Nilihesabu Mpaka Ishirini Baba Akiniita

Vijana wangu, tangu juzi chakula hakinipiti kooni, na sababu ni nyinyi.

Wewe Kevo, Mkenya wetu unayelinda mlango wa ghorofa kule West Bay, uliingia chumbani kwangu hapa Najma na simu mkononi, ukanionyesha ramani ya lile hori la kaskazini lenye mikoko. "Mzee Iddi, hii base tumeicheki, iko poa sana. Friday tuko huko mapema. Wewe tupee tu siri ya subaiti." Na wewe Shabani, Mtanzania mwenzangu na dereva kama nilivyokuwa mimi, niliyedhani una akili kidogo, ukaongeza: "Shikamoo mzee. Tunataka tuwe majini jua likichomoza." Nikawauliza nani kati yenu anajua kuogelea. Mkacheka.

Ningewajibu palepale, lakini nikisema kwa mdomo mnanikatiza. Ndiyo maana naandika. Siri ya kumvua huyo samaki subaiti nitawapa yote, sitaficha hata fundo moja. Ila msome mpaka mwisho kabla hamjawasha gari. Na nikishapanda ndege kurudi Kondoa, msiseme hamkuambiwa.

Kwa wale wageni mtakaopitishiwa maandishi haya: mimi nilikuwa dereva wa nyumba moja hapa Doha miaka kumi na tisa. Mwenye nyumba alikuwa mzee mrefu mwenye magoti mabovu, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Mkewe tulimwita Mama, yeye tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa majumbani wanavyoita. Ujanani Baba alivua kwa mshipi wa mkono na chambo cha kamba wa baharini, juu ya mashua. Magoti yalipokataa mashua, mwanawe Jasim akamletea fimbo nyepesi ya kuvulia na boksi la vidude vya plastiki laini, virefu kama kiungo cha kidole, vyenye umbo la mnyoo au kamba mdogo. Baba alividharau kwa wiki moja. Wiki ya pili hakutaka kitu kingine. Mimi nikawa dereva, mbeba kiti, mfunga mafundo, na macho yake majini.

Kumbukeni natoka Kondoa. Samaki niliyemjua utotoni alifika kijijini amekauka, ndani ya kikapu, anatutazama kwa macho ya lawama. Sasa mwezi wa kwanza tu wa kazi hiyo Baba akaniambia: "Iddi, viweke hivi mahali pazuri." Nikaviweka mahali nilipoona pazuri, kwenye kisanduku cha gari mbele ya kiti, Agosti. Siku ya tatu nikafungua, nikakuta uji. Uji mzito wa rangi nne. Baba akachungulia, akauliza, "Umenipikia?"

Basi la kwanza ni hilo. Plastiki laini haipendi joto, na plastiki ya kiwanda kimoja ikilala na ya kiwanda kingine zinaweza kuyeyushana hata kwenye kivuli. Kila aina na mfuko wake, na mifuko yote nyumbani kwenye kiyoyozi.

La pili ni majira. Wakati wa joto samaki ana haraka, anapiga chochote. Januari maji ya hori yanapoa, yanatulia, yanakuwa maangavu hadi unahesabu punje za mchanga. Na subaiti ni samaki mwenye mashaka. Ana rangi ya fedha chafu, meno kama magego ya mbuzi, na moyo wa mtu aliyewahi kutapeliwa. Anakuona kabla hujamwona. Kwa hiyo usivae shati jeupe la kazini. Jua likiwa nyuma yako, angalia kivuli chako kinaangukia wapi. Ukiingia majini usinyanyue miguu, iburute mchangani taratibu, kwa sababu mbili: samaki hashtuki, na yule samaki bapa aitwaye taa, aliyejifukia, akiguswa ubavuni huondoka, lakini akikanyagwa mgongoni atakuchoma mwiba na utaimba nyimbo usizozijua.

Mshipi uwe wa kusokotwa, mwembamba kama uzi wa cherehani. Mbele yake funga urefu wa mtu mmoja na nusu wa ule mshipi usioonekana majini. Chubwi, kile kizito cha kuzamishia chambo, iwe ndogo kabisa, ile iliyoshikana na ndoano, nyepesi kiasi kwamba ukiishika mkononi unajiuliza kama umeishika kweli. Tupa mbali kupita pale ulipomwona samaki, usimtupie kichwani. Acha izame. Iburute kidogo, kiasi cha shubiri moja. Halafu iache.

Hapo kwenye kuiacha ndipo vijana wote mnashindwa. Iache ilale mchangani, uhesabu kumi, kumi na tano, ishirini. Subaiti wa baridi anasogea, anatazama, anarudi nyuma, anafikiri habari za watoto wake. Ukiitikisa, kwaheri. Na akila, usitegemee mshtuko. Mshipi unalegea kidogo tu, au unakuwa mzito kama umenasa kitambaa kilicholowa. Hapo usinyakue. Nyanyua fimbo polepole kama mtu anayefunua mtoto aliyelala, na breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe imelegezwa, maana mshipi ule ukishindana nao kwa nguvu unakatika.

Mkono wangu ulikuwa mzito. Nimeshika usukani na majembe, siyo nyuzi. Aliyenifundisha kuhisi ni Kutty, mtu wa Kerala aliyeuza zana za uvuvi mtaa wa pili kutoka hapa mnapokaa. Alifunga ncha ya mshipi kwenye kitasa cha mlango wa duka, akanipa ncha nyingine kule ndani, akaniambia nifumbe macho. Kisha anaugusa kwa ukucha. "Sasa?" Mimi kimya. "Sasa?" Kimya. Wateja wanaingia wameinama chini ya mshipi kama wanapita kizuizini, wanauliza bei ya betri. Ilinichukua Alhamisi nyingi mpaka nikaanza kusema "sasa" kabla hajauliza. Siku hiyo Kutty akanitazama na kusema neno ambalo sikulipenda: "Sasa umepata ugonjwa, Iddi. Dunia nzima itakuwa kwenye kidole hiki kimoja."

Nilicheka. Sasa sicheki.

Majira ya baridi yaliyofuata Baba akaninunulia fimbo yangu. "Vua," alisema, "lakini macho kwangu." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kwa maneno manne. Nisiende mbali naye zaidi ya hatua kumi. Simu zilibaki garini, kwa sababu Baba hakutaka milio majini.

Asubuhi ninayotaka kuwaambia ilikuwa nzuri mno. Upepo wa kaskazini ulikuwa umekoma siku mbili nyuma, na hapo ndipo subaiti hutulia na kurudi kula. Tulifika jua limeshatoka. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Mpemba mmoja niliyekaa naye chumba kimoja aliwahi kunifundisha neno bamvua, siku ambazo maji hukauka sana na kujaa sana, na asubuhi ile ilikuwa bamvua. Kati ya ufuo na fungu la mchanga kuna mkondo. Tuliuvuka ukiwa chini ya goti, Baba amenishika bega, tukasimama kwenye fungu. Tukavua. Maji yakaanza kurudi taratibu, na samaki huingia na maji.

Hapo nikaona mikia miwili. Subaiti wawili wanachimba mchanga, lakini ng'ambo ya mkondo, upande wa ufuo. Nikamtazama Baba. Alikuwa sawa, amesimama na kofia yake ya sufu, anaburuta plastiki yake. Nikasema nitavuka tu, nitupe mara moja, nirudi. Maji ya mkondo yalishapita goti. Niliyaona, wala sisemi sikuyaona.

Nikavuka, nikatupa kupita mikia. Nikaburuta shubiri moja, nikaacha. Nikaanza kuhesabu.

Kwenye tano nikasikia, "Ya Iddi!"

Nilisikia vizuri kabisa. Vijana, kwa miaka mingi nimejaribu kujidanganya kwamba sauti ilikuwa hafifu. Haikuwa hafifu. Moyoni nikajibu, naam Baba, nakuja. Mdomo haukufunguka, maana samaki mmoja alikuwa amegeuka, anaitazama plastiki yangu, na kidole changu kilikuwa juu ya mshipi. Nikaendelea. Sita. Saba. Kufika kumi na nane akasogea. Kufika ishirini mshipi ukalegea.

Nikanyanyua polepole kama nilivyofundishwa. Alikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kushika. Alikimbia mara tatu, na mara ya pili, mshipi ukilia kwenye rili, nikaitwa tena. Safari hii sauti ilikuwa mbali, na jina langu lilikuwa refu. Nikapiga kelele, "Nakuja!" bila kugeuka. Nikamvuta samaki mpaka mchangani, nikamwinua kwa mikono miwili, nikageuka nimwonyeshe Baba.

Hakukuwa na Baba. Hakukuwa na fungu wala mkondo. Kulikuwa na weupe.

Ukungu wa kule haupandi kutoka ardhini ukakupa muda wa kufikiri. Siku ile ulikuja kutoka baharini kama ukuta unaotembea. Ndiyo sababu aliniita. Aliuona unakuja, akataka tutoke.

Nikamwangusha samaki. "Baba!" Kimya. "Baba!" Nikasikia kama kikohozi, sikujua upande gani. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni, nikaubonyeza, gari likalia nyuma yangu hatua chache tu. Nikakimbia, nikampigia Jasim. Nilikosea jina lake mara mbili kabla simu haijaita.

"Baba yuko majini. Ukungu umeingia. Simwoni."

"Yuko mbali na wewe?"

"Ng'ambo ya mkondo."

"Kaa hapohapo garini. Nawaita walinzi wa pwani, na mimi nakuja. Iddi, usiingie majini, utapotea na wewe. Piga honi!"

Nikapiga honi. Nikapiga tena na tena. Kisha nikakumbuka sikio lake. Mtu mwenye sikio moja anaisikia sauti, lakini haelewi inatoka wapi. Kwake honi ilikuwa inalia kila mahali. Na hata angejua upande, mkondo ulikuwa katikati yetu, na kila dakika ulikuwa unajaa.

Sijui kuogelea. Naliandika tena ili mlisome mara mbili: sijui kuogelea.

Nikachukua fimbo yangu, nikakata ndoano kwa meno, nikafunga ncha ya mshipi kwenye kishikio cha mlango wa gari, nikalegeza breki ya rili na kuingia majini. Nilitembea na uzi ukitoka nyuma yangu, ule uzi unaokatika ukiuvuta kwa hasira. Mkondo ulinifika kifuani. Maji yale yalikuwa baridi kiasi kwamba nilisahau kuvuta pumzi. Nilikuwa nasoma aya ninazozijua, nazichanganya, narudia. Upande wa pili nikapata mchanga, maji kiunoni. Nikaita. Nikaenda mbele, nikahisi rili inakuwa nyepesi, nikaipapasa kwa kidole gumba. Mshipi ulikuwa umebaki mizunguko michache.

Nikiuachia, sina njia ya kurudi. Nikirudi, nimemwacha. Nilisimama hapo na sikujua la kufanya, nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Kisha nikamkumbuka mbuzi wa nyumbani aliyefungwa kamba kwenye mti. Mbuzi hafiki mbali, lakini anakula majani yote ya duara. Nikaushika mshipi usilegee wala usikaze, nikaanza kutembea kwa upande, nakata duara, mkono mmoja mbele kama kipofu. Kila hatua tatu naita.

Niligonga kitu kwa goti. Ilikuwa fimbo yake, imechomekwa mchangani, na Baba ameishikilia kwa mikono miwili, maji yamempita kiuno. Midomo ilikuwa ya bluu. Alikuwa ameishiwa sauti kwa kuita. Akanitazama, akasema kwa mnong'ono, "Wewe ni nani?"

"Iddi, Baba."

Akaniwekea mkono begani, mahali alipozoea.

Kurudi ndiko kulikonitisha zaidi. Nilikuwa nazungusha rili na kuufuata mshipi, yeye nyuma yangu, anajikwaa. Katikati ya mkondo maji yalinifika shingoni, yeye mrefu yakamfika kifuani, na hapo mshipi ukanasa. Labda kwenye mwamba, labda kwenye mzizi wa mkoko. Mkono wangu wa majembe ukarudi, nikataka kuuvuta. Kidole chake baridi kikagusa kifundo cha mkono wangu.

"Usivute," akasema, kama vile nimeshika samaki. "Mfuate. Taratibu."

Nikalegeza, nikasogea kushoto hatua moja, nyingine. Mshipi ukajifungua wenyewe. Sijui ilichukua muda gani mpaka kiganja changu kikagusa bati la gari. Nikamvua nguo, nikamfunika shuka la kiti, nikawasha hita. Meno yake yaligongana kama sahani.

Walinzi wa pwani walifika, wakamtazama, wakasema apelekwe hospitali. Jasim alifika muda huohuo, ukungu umeanza kupasuka. Akamkumbatia baba yake kupitia mlangoni. Alipoinuka macho yake yakaangukia mchangani, hatua chache tu kutoka pale. Yule subaiti wangu alikuwa amelala hapo, ameshakufa, anang'aa.

"Nani amemvua huyu?" Jasim akauliza.

Alikuwa ananitazama mimi. Naye si mjinga, amekulia kwenye maji yale. Samaki aliyelala upande wa ufuo anaeleza mvuvi wake alikuwa wapi.

"Mimi," Baba akasema kutoka garini, kwa ile sauti yake iliyokwisha. "Nilimvua kabla sijavuka. Iddi alikuwa pamoja nami. Ukungu ndio uliotutenganisha."

Jasim akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniita ndugu yake. Na mimi, vijana, nikakubali kuitwa.

Samaki yule alipelekwa nyumbani. Mama alimpika na wali, akanijazia sahani kwa mkono wake mwenyewe, akasimama mlangoni pa chumba changu kungoja niseme ni mtamu. "Kula mwanangu, umenirudishia mume." Nilikula. Niliposikia nyayo zake zimekwenda, nikatapika. Mpaka leo Jasim anawasimulia wageni habari ya dereva aliyeingia kwenye ukungu na uzi. Mimi humimina chai, natazama vikombe. Yeye ndiye atakayenipeleka uwanja wa ndege, na sijui kama nitaweza kumwambia njiani.

Baba aliugua kifua karibu mwezi mzima. Jasim akasema basi, hakuna tena hori. Lakini Ijumaa moja, jua limeshapanda na mbingu safi, Baba akaingia garini mwenyewe, na kiti chake cha kukunja mkononi.

"Wapi, Baba?"

"Unajua wapi."

Nilimwekea kiti mchangani kando ya gari. Nikaanza kumtolea fimbo yake, akakataa.

"Leo utavua wewe. Mimi nitakaa hapa. Nitakuita."

"Lini, Baba?"

"Nikitaka."

Hakukunja uso. Hakuwa amewahi kuniuliza kama nilimsikia siku ile, na hakuniuliza wakati huo. Alimimina chai yake ya maziwa kutoka kwenye chupa, akatazama maji.

Nikaingia mpaka magotini. Maji yalikuwa maangavu, na samaki walikuwepo, niliwaona. Nikatupa, nikaacha. Moja, mbili, tatu, nikageuka. Amekaa. Nikatupa tena. Nne, tano, nikageuka. Anakunywa chai. Asubuhi yote ilikuwa hivyo. Kidole changu kilikuwa juu ya mshipi lakini hakikuhisi kitu, masikio yalikuwa yamechukua kila kitu. Samaki mmoja alikula na kutema, nilijua baadaye nilipokuta plastiki imeng'atwa mkia. Shingo iliniuma kwa kugeuka.

Ilikuwa karibu na adhuhuri aliponiita. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Iddi," kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Nilitupa fimbo majini. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, maji yakiruka mpaka usoni, nikafika mbele yake nimelowa, napumua kama punda.

"Naam, Baba! Nini?"

Hakuwa na haja ya kitu chochote.

"Umefika," akasema. Kisha akaniambia nikaifuate fimbo kabla maji hayajaichukua.